Nahisi au nawaza? Maswali na majibu kuhusu mawazo na milango ya fahamu

Maswali haya nimeulizwa hapa Tanga kwa nyakati tofauti nikiwa kazini kama mshauri wa afya. Nimebadilisha maneno kidogo ili asijulikane aliyeuliza.

Watu wote husema "nahisi". Kuhisi na kuwaza vina tofauti gani?

Hapa lugha yetu yenyewe inatutega. Mtu atasema "nahisi baridi", kisha aseme "nahisi mama mkwe hanipendi", na neno ni lilelile. Baridi imeingia kwa ngozi. La mama mkwe limeingia kwa mlango gani? Ulichoona ni kwamba jana alikula kimya, akaondoka bila kuaga. Yaliyobaki umeyaunga mwenyewe kichwani. Huenda umeyaunga sawasawa. Sisemi kwamba kila wazo ni uongo. Nasema ni kitu cha namna nyingine, na ukivichanganya utalala unalia kwa jambo ambalo hakuna aliyelitamka.

Wazee walituachia neno zuri: milango ya fahamu. Jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Mimi huongeza na habari zinazotoka ndani ya mwili wenyewe, kama njaa, kibofu kujaa, tumbo kusokota, kifua kubana. Siku utakayojisikia ukisema "nahisi", jiulize: hii imepita mlango gani? Ukikosa mlango, umeshika wazo.

Na ona jinsi tunavyosema "fulani ana mawazo" tukimaanisha ana huzuni na wasiwasi. Lugha ilishajua ugonjwa unakaa wapi.

Usiku moyo unanienda mbio, nahisi nakufa. Nalo ni wazo?

Kabla ya yote: maumivu mazito ya kifua, yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi, si ya kukaa na kuchunguza. Nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Bombo au yoyote iliyo karibu nawe. Na kama hujawahi kupima presha na moyo, anza huko.

Ukishapimwa, na daktari akasema moyo ni mzima, hapo ndipo tunaweza kuligawa tukio lako. Mapigo ya haraka, viganja kulowa, koo kukauka: hivyo unavihisi. "Nakufa" ni wazo. "Watoto watabaki na nani" ni wazo la pili, limepanda mgongoni mwa la kwanza. Mwili hauna njia ya kujua kwamba hayo ni maneno tu. Unaposema "nakufa", unamwaga adrenalini, kichocheo kinachouandaa mwili kukimbia au kupigana, kana kwamba chui yuko mlangoni, moyo unazidi kwenda mbio, nawe unauchukua mwendo huo kuwa ushahidi kwamba kweli unakufa. Mduara umekamilika, na unaweza kuzunguka hivyo hadi alfajiri.

Usibishane na wazo. Ukijiambia "sifi, sifi", umeongeza mawazo juu ya mawazo. Sikia godoro lilivyoupokea mgongo. Sikia feni, au mbu nje ya chandarua. Rudi kwenye mapigo uyasikilize kama unavyosikiliza ngoma ya jirani: yako wapi hasa, kifuani au shingoni? Wazo likirudi, liite kwa jina lake: "wazo la kufa limekuja". Mara nyingi hofu ya aina hii hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, halafu huanza kushuka yenyewe.

Kuna utafiti wowote, au ni maneno tu?

Upo. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki nane katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo. Kazi yao kubwa ilikuwa hii ya kurudi kwenye pumzi na mwili. Mwaka 2007, watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha picha za ubongo za watu waliopitia mafunzo hayo. Ziliwaonyesha wakijisimulia habari zao wenyewe, na zikawaonyesha wakihisi tu kinachotokea sasa hivi. Ubongo haukufanya kazi kwa namna moja katika hali hizo mbili, na kwa waliofunzwa tofauti ilikuwa wazi zaidi. Uingereza hutumia mafunzo ya ukoo huu kuwakinga watu waliowahi kuugua sonona mara kwa mara isiwarudie. Haya hayaondoi dawa. Kama unameza dawa za akili, endelea kumeza.

Nianze vipi?

Anza na kahawa. Umekaa barazani, umepewa kijikombe. Kabla hujanywa, shika: joto liko kwenye vidole vipi? Nusa. Piga funda moja dogo. Uchungu unaanzia ncha ya ulimi au nyuma kabisa? Baada ya kumeza, unabaki kwa muda gani? Ukitafuna kashata, sikia mahali utamu unapokutana na uchungu uliosalia.

Sasa subiri. Kabla ya funda la tatu utasikia kichwani: "ya jana ilikuwa kali zaidi." Ndilo ninalotaka ulikamate. Kahawa ya jana haipo kwenye kikombe, haipo kwenye ulimi. Limepita wazo, na lilipita kimyakimya hivi kwamba ulidhani bado unakunywa. Hata neno "chungu" si uchungu wenyewe. Utamke mara mia, ulimi hautaonja kitu.

Dakika tatu kwa siku zinatosha. Wapanda baiskeli wafanye kwa upepo usoni na uzito wa pedeli, macho yakiwa barabarani.

Nimesikia haya ni mambo ya Wahindi, ya kuuliza "mimi ni nani". Si shirki?

Swali la haki, na wengi hulimeza bila kuuliza. Kuchunguza nafsi kwa swali la "mimi ni nani" kulijulikana sana kupitia Ramana Maharshi wa Tiruvannamalai, kusini mwa India, aliyeishi kati ya 1879 na 1950. Yeye alikwenda mbali. Ukisikia adhana, kuna sauti, na kuna wazo "ninasikia mimi". Mtafute huyo mimi. Utakuta pumzi, utakuta uzito nyuma ya macho, na sentensi moja inayojirudia. Alitaka mtu aifuate sentensi hiyo hadi inakotoka.

Mimi nasimama kabla ya hapo, maana kazi yangu ni afya. Kwa afya inatosha kuona kwamba "mimi ni mtu wa kushindwa" nayo ni sentensi iliyokuja, kama ile ya kahawa ya jana. Kuhisi maji ya udhu yakipita kwenye kiwiko hakukutoi katika dini yako. Aliyewahi kusujudu sijida ya kusahau, kwa kuwa akili ilikuwa dukani akapoteza hesabu ya rakaa, anaijua tofauti hii kuliko nitakavyoieleza. Ukiwa na shaka, muulize shehe wako au mchungaji wako.

Nani asijizoeze peke yake?

Anayesikia sauti wasizosikia wenzake. Aliyepitia ukatili ambao mwili bado unaukumbuka. Na yeyote ambaye, akijaribu, dunia inaonekana kama ndoto au mwili kama si wake: acha, simama, tembea, zungumza na mtu. Huzuni ikizidi wiki mbili, au ukifikiria kujidhuru, nenda kituo cha afya leo. Mkoani kwetu iko pia hospitali ya Lutindi, Korogwe, inayotibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani.

Nimejaribu wiki nzima, mawazo hayajaisha. Nimekosea wapi?

Nikakuuliza: ulijuaje kwamba hayajaisha? Umeyaona yakija. Wiki iliyopita yalikuwa yanakuja vilevile, ila hukuwa unayaona. Endelea na kijikombe chako.