Joto la ghafla la ukomo wa hedhi: na presha je, umepima?

Julai hapa Dodoma ni mwezi wa makoti. Asubuhi moja ya kipupwe, kwenye benchi la kliniki yetu ya moyo, wagonjwa wote walikuwa wamejifunika isipokuwa mama mmoja wa miaka 49 kutoka Nkuhungu. Alikuwa ameshusha mtandio na kujipepea kwa kadi yake ya kliniki, jasho likimtiririka shingoni. Baada ya dakika kama tatu joto likakata, akaanza kutetemeka na kujifunika upya. "Daktari, hii malaria haiishi," aliniambia. Tangu mwezi uliopita alikuwa amemeza dawa ya mseto mara mbili, bila kupima hata mara moja.

Haikuwa malaria. Hedhi yake ilikuwa imeanza kuruka miezi. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na tunasema mtu amekoma akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Kipindi hicho homoni ya estrojeni hushuka, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa kama mlinzi wa geti mwenye wasiwasi: paka akipita tu, filimbi. Joto likipanda kidogo sana, ubongo unafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Wengine huishi na hali hii miaka saba na zaidi.

Moyo unaingiaje hapo? Nchini Marekani wanawake zaidi ya 3,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Waliopata joto hili mara kwa mara, yaani siku 6 au zaidi ndani ya wiki mbili, walipatwa zaidi na magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wenzao ambao hawakulipata kabisa. Hii haina maana kwamba joto ndilo linaloharibu moyo, na sipendi mtu atoke hapa na hofu hiyo. Ninalosema ni kwamba miaka hiyohiyo estrojeni inaposhuka, lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda kwenye damu, mishipa hukakamaa na presha huanza kupanda kimyakimya. Jasho unaliona, presha huioni. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 awahi zaidi kuonana na daktari.

Kwa hiyo mama yule tulimpima presha, sukari na lehemu. Presha ilisoma 158 kwa 96, na tulipoirudia siku nyingine bado ilikuwa juu. Hajawahi kuumwa kichwa.

Tulipofika kwenye chakula, alisema nyumbani hawatumii chumvi nyingi. Nikamuuliza kuhusu mlenda. Akacheka: mlenda bila magadi unalika vipi? Wenyeji tunaelewana hapo, lakini magadi nayo yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Chumvi yote ya siku nzima isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, na magadi yapunguzwe. Mlenda wenyewe endelea kula, na ugali wa uwele pia. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunasaidia moyo. Sigara iachwe kabisa.

Tiba ya homoni ipo na hupunguza joto hili vizuri, ila haitolewi kwa lengo la kukinga moyo. Kwa kawaida huwafaa walio chini ya miaka 60, au ambao haijapita miaka 10 tangu wakome. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda asiiguse bila daktari. Usiazime vidonge vya jirani.

Jasho la usiku likiambatana na kikohozi au kukonda, pima kifua kikuu kwanza. Na kama unapata maumivu au kubanwa kifuani, taya au mgongo kuuma, pumzi kukata, au uchovu wa ghafla wenye kichefuchefu, usikae nyumbani kunywa tangawizi ukisubiri kupambazuke. Amsha mtu, tafuta bajaji usiku huohuo, uende hospitali.