Kilwa: Tunayoyasikia na Yaliyopo Kisiwani

Kila ninapomwambia mtu wa Dar es Salaam apande basi la kusini akaione Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani uliobaki magofu, narudishiwa maneno yale yale. Nayajibu hapa.

Dhana: Miji ya kale ya pwani waliijenga Waarabu na Waajemi, sisi tulibeba mawe tu.

Hii inaniuma kuliko zote. Hekaya yenyewe ya Kilwa inasema Ali bin Hassan alitoka Shirazi, kule Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo. Basi jiulize: muuzaji alikuwa nani? Alikuta watu, na mkubwa wao yupo. Damu zilichanganyika kweli, wala hatuna haja ya kulikana hilo. Uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani hii, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba asili yao kikeni karibu yote ni ya Kiafrika, na kiumeni kuna sehemu kubwa ya Uajemi. Na lugha iliyobaki vinywani ni ya wenyeji.

Ukiingia Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, weka kiganja ukutani. Utayagusa matundu ya matumbawe, na katikati yake chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko: inapoishia boriti, chumba nacho kimeishia hapo. Huo ni ujuzi wa watu walioijua bahari yao na mikoko yao. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema.

Dhana: Gereza, ngome ya Kisiwani, ni jela ya watumwa iliyojengwa na Wareno.

Ngome hiyo unaiona mapema tu mashua inapokaribia kisiwa. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, wakaondoka 1512. Sehemu kubwa ya kuta za leo ni kazi ya Waomani, miaka mingi baadaye. Neno "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa jina la ngome, na kwa kuwa ngome zilifungiwa watu, maana ikahamia huko. Biashara ya watumwa ilikuwepo, tena kubwa, lakini katika karne ya 19 bandari yake kuu huku ilikuwa Kilwa Kivinje, upande wa bara. Kilwa ziko tatu: Kisiwani, Kivinje na Masoko.

Dhana: Hakufikiki.

Enzi za kuvuka mto Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, sawa. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lipo tangu 2003. Masika uliza kwanza hali ya barabara, maana Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata maeneo ya Somanga.

Kibali kichukue Masoko kabla ya kuvuka, na ukifika kisiwani piga hodi kwa adabu: kile ni kijiji, watu wanaishi humo. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, itengee siku nzima, na mwachie nahodha apange saa kwa kufuata maji. Maji ya bamvua yakitoka, utashuka mashuani na kutembea majini, viatu mkononi, ukipenya kwenye mikoko hadi ufike magofuni.