Mtoto wa manjano na kanga za sandukuni

Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway alikuwa na watoto wawili ambao akili zao hazikukua. Alizunguka kwa madaktari na swali moja: mbona mkojo wa watoto wangu una harufu ile ile isiyokwisha? Hakupata jibu, hadi alipofika kwa Asbjørn Følling, daktari wa Oslo aliyesomea pia kemia, naye akamwambia alete mkojo wenyewe.

Følling aliutia kloridi ya chuma, kipimo kilichotumika sana wakati ule kwa wagonjwa wa sukari. Alitazamia ama usibadilike ama uwe rangi ya damu ya mzee. Ukageuka kijani. Watoto wakasitishwa dawa zote, isije ikawa ni dawa. Kijani kikarudi pale pale. Mama akaendelea kubeba mkojo, lita baada ya lita, mpaka asidi iliyojificha ndani ikatambuliwa. Miili ya wale watoto ilishindwa kuvunja fenilalanini, kipande kimoja cha protini ya chakula, nayo ikajazana mwilini na kuharibu ubongo. Leo nchi nyingi humtoboa mtoto mchanga kisigino, tone la damu likapimwa, na lishe maalumu ikaanza mapema kabla ubongo haujadhurika.

Ugonjwa ule hurithiwa kwa baba na mama pamoja, kila mmoja akiwa mzima kabisa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Kwa hiyo anayemsimanga mkwe wake kuwa kaja na mkosi akumbuke kuwa nusu ya ila imetoka kwa mwanawe. Huwa naulizwa pia habari ya kuoana mtoto wa ami na wa mjomba. Hatari ya kasoro kubwa hupanda kutoka kama watoto 3 kwa 100 hadi 5 au 6. Wengi huzaliwa wazima.

Ugonjwa wa Følling ni nadra kwa watu wenye asili ya Afrika. Unaotuhusu zaidi Unguja na Pemba ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Umeenea palipokaa malaria kwa karne nyingi kwa sababu, kama selimundu, unampa mtu kinga kidogo dhidi ya malaria. Mama humrithisha mwanawe wa kiume bila yeye mwenyewe kuumwa. Mwenye nao huishi vizuri mpaka akutane na kichocheo: baadhi ya dawa, au naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende.

Na hapa ndipo ninapoogopa. Mzazi yuko ndani arubaini yake, chumba kina giza, pazia limeshushwa. Bibi anafungua sanduku, anatoa kanga zilizokaa miezi na vidonge vile, anamfunika mjukuu aliyekwishapakwa mafuta. Mvuke huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na mafuta huurahisishia njia. Mtoto akiwa na upungufu ule, chembe za damu zinapasuka, manjano ya macho na ngozi yanapanda, na katika giza lile hakuna anayeyaona. Yakizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto akipona huenda akabaki kiziwi, au viungo vikawa vinajipinda vyenyewe, na miaka inapita watu wakisema ni shetani.

Nguo za mtoto zisiwekwe naftalini kabisa. Mtoeni mlangoni penye mwanga kila siku, mumtazame weupe wa macho, ufizi na nyayo, maana ngozi nyeusi huficha. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, yakishuka mpaka nyayoni, au mtoto akawa mzito kunyonya, jua la asubuhi halitoshi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo awekwe chini ya taa ya buluu. Na bibi afuatane nao, amwambie daktari mtoto kafunikwa nguo za sanduku gani, hata kama hakuulizwa.