Mchochota si uvimbe, hata ukiwa ndani ya moyo

Juzi nimesikia tena msiba ukielezwa hivi: kijana alianguka ghafla akafariki kwa sababu "moyo ulivimba." Baadhi ya waliokuwepo walielewa kwamba kuna kinyama kilikuwa kimeota moyoni. Wengine walielewa kwamba moyo ulitanuka. Daktari alikuwa ametaja mchochota wa misuli ya moyo, na neno likapotea kabla halijafika nyumbani.

Mchochota ni jinsi kinga ya mwili inavyojibu inapohisi madhara. Seli za kinga hukusanyika, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, na kemikali ziitwazo saitokini humwagwa ili seli zipashane habari. Mapigo ya moyo hupangwa na umeme unaopita kwenye misuli yake, na mchochota unaweza kuuvuruga umeme huo hadi mtu akafa. Basi, hiyo ndiyo maana. Kinachonikera ni hilo neno "uvimbe."

Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne za mchochota: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe aliuita kwa Kilatini "tumor," na ulikuwa dalili moja tu kati ya nne. Hali yenyewe Warumi waliiita "inflammatio," kutokana na kitenzi cha kuwasha moto. Kiswahili nacho kina kitenzi chochota, yaani kuwasha na kuchoma, na humo ndimo limetoka mchochota: neno lenye moto ndani yake, lisilodai kwamba lazima kitu kivimbe. Tunapoliacha tukasema uvimbe, tunachukua dalili moja na kuipa jina la ugonjwa mzima. Tena ni neno hilohilo tunalolitumia kwa vinyama vinavyoota mwilini, vya saratani na visivyo vya saratani. Ndiyo maana mgonjwa wa mchochota huuliza atapasuliwa lini, na hana kosa kuuliza.

Hata kile kiishio -itisi cha majina ya hospitali, kama mayokaditisi (ndio huo mchochota wa misuli ya moyo), hakikuzaliwa na maana ya kuvimba. Kwa Kigiriki kilikuwa kivumishi tu, kama "-a" yetu ya kuunganisha: ugonjwa wa viungo, ugonjwa wa figo. Maana ya mchochota kiliipata baadaye kwa mazoea ya matabibu.

Wapo pia wanaosema "maambukizi." Ni kweli kwamba mara nyingi virusi ndio huanzisha mchochota wa moyo, lakini lupasi na baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wake yenyewe, huweza kuwasha moto huohuo bila kuhitaji kijidudu. Na katika homa ya rumatiki, bakteria wa kooni mara nyingi huwa wameshaondoka. Wiki mbili tatu baadaye ndipo kinga, ikiwa imekosea adui, hugeukia moyo.

Sasa rudi kwenye moyo uone kwa nini nalishikilia neno hili. Baada ya kila pigo, seli ya moyo hutoa madini ya potasiamu nje ili itulie na kungoja pigo lijalo. Saitokini mojawapo, intalukini-6, huweza kuibana milango ya potasiamu. Utulivu huchelewa, na kwenye ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, kipindi kiitwacho QT, yaani tangu umeme uanze kuwasha vyumba vya chini hadi vitulie, hurefuka. Umeme wa pigo jingine ukiwahi kabla seli hazijatulia, vyumba vya chini vya moyo huweza kuanza kwenda mbio ovyo au kutetemeka tu. Damu haisukumwi tena, na mtu huanguka ndani ya sekunde chache. Hatari huwa kubwa zaidi kama mgonjwa anatumia dawa ambayo nayo hurefusha QT, au potasiamu yake ya damu iko chini. Na mchochota wenyewe unaweza kuwa magotini au mapafuni, saitokini zikafika moyoni kwa njia ya damu, moyo ukabaki na umbo lake lilelile! Hapo utamwonyesha ndugu uvimbe gani?

Mchochota ukiwa ndani ya misuli ya moyo yenyewe, hatari huweza kuendelea hata ukishapoa, kwa sababu huacha kovu. Kovu halipitishi umeme. Umeme hulizunguka, na wakati mwingine hujikuta unazunguka palepale bila kukoma. Ndiyo sababu mwanamichezo aliyeugua mayokaditisi huzuiwa mazoezi makali kwa muda, mara nyingi miezi kadhaa, ingawa mwenyewe anajiona mzima kabisa.

Kwa hiyo wewe unayetumwa na familia kumsikiliza daktari, ukirudi nyumbani sema mchochota. Wakikuuliza ni nini, waambie kinga ya mwili ilikuwa inapigana, na vita hivyo vikavuruga umeme wa moyo.