Je, wajua kwa nini Uingereza mimba hukupa paa lakini haikuongezei chumba?

Chukua wanawake wawili, kila mmoja ana mimba ya miezi mitano, wote wakazi wa mji mmoja wa Uingereza. Wa kwanza analala kwenye kochi kwa shangazi yake, na shangazi amekwisha kumwambia kwamba kabla mtoto hajaja atafute pa kwenda. Wa pili ni mpangaji halali wa halmashauri: chumba kimoja na sebule, anaishi na mumewe na watoto wawili, wa miaka minne na sita. Wote wanakwenda ofisi ya makazi. Yule wa kochi, siku shangazi akifunga mlango kweli, anaweza kulala usiku huohuo kwenye chumba cha halmashauri. Yule mpangaji anaambiwa arudi mtoto akishazaliwa. Na akizaliwa, asitarajie makubwa.

Ukitazama kwa haraka utasema ofisi hiyo ina upendeleo. Hapana. Tumbo lilelile linasomwa na sheria mbili zisizosalimiana. Moja inamtazama mama na kuuliza kama ana pa kulala. Nyingine inahesabu vichwa vilivyolala, na hesabu yake ni ya mwaka 1935. (Nasema Uingereza kwa mazoea tu, haya yote ni ya England. Scotland iliacha mwishoni mwa 2012 kuwachuja wasio na makazi kwa kuuliza nani anastahili kutangulia, kwa hiyo huko mimba si tiketi ya kupita mlangoni.)

Tuanze na sheria inayomtazama mama. Baada ya vita, chini ya sheria ya 1948, familia iliyokosa nyumba ilipelekwa hosteli, nyingine zikiwa majengo yaleyale ya zamani ya kuwafungia maskini. Mara nyingi mama na watoto waliingia, baba akabaki nje. Mwaka 1965, kwenye hosteli ya King Hill huko Kent, wanaume walichoka: wakaingia walikolala wake zao wakakataa kutoka, na baadhi yao walifungwa kwa kukaidi amri ya mahakama. Miaka 12 baadaye, mwaka 1977, mbunge wa chama cha Liberal, Stephen Ross, alipitisha muswada binafsi uliozibebesha halmashauri jukumu la kuwapa makazi watu wa makundi fulani wasio na nyumba. Mjamzito alitajwa humo, na leo yumo katika kifungu cha 189 cha Sheria ya Makazi ya 1996. Yumo pia mtu anayeishi naye, au anayetarajiwa kuishi naye. Ndiyo maana baba wa mtoto haachwi tena nje.

Sheria haikutaja wiki ngapi. Mimba ya wiki sita ni mimba. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unasema wazi kwamba kipaumbele hakitegemei umri wa mimba, na kwamba barua ya kawaida ya mkunga inatosha kuwa ushahidi. Hapa wengi hujichelewesha wenyewe, kwa sababu wamesikia habari za cheti kiitwacho MATB1. Hicho ni cheti cha kudai likizo na malipo ya uzazi, na mkunga hakitoi mpaka zibaki wiki 20 au pungufu kabla ya tarehe ya kujifungua. Huna haja ya kukingoja ili uombe makazi. Likitokea la kutokea na mimba ikaharibika shauri likiwa bado mezani, halmashauri inatakiwa iangalie kama mama ana sababu nyingine ya kutangulizwa, isimfute jina kimyakimya.

Wala si lazima uwe umelala kituo cha basi ndipo uhesabiwe kuwa huna makazi. Tangu Aprili 2018, halmashauri inapaswa kuanza kukusaidia ikiwa makao yako yako hatarini kukutoka ndani ya siku 56, na ukishayakosa kabisa kuna siku nyingine 56 za kukutafutia. Ikiwa kuna dalili kwamba tayari huna makazi na una mimba, halmashauri hairuhusiwi kusema subiri tuchunguze. Inakupa kwanza pa kulala, uchunguzi unaendelea.

Uchunguzi wenyewe una maswali machache, na kwa Waswahili wengi la kwanza ndilo linalomaliza safari: viza. Mwenye viza ya masomo, ya kazi au ya mwenza kwa kawaida ana sharti la kutogusa fedha za umma, na nyumba za halmashauri zimo ndani ya sharti hilo. Mwenye mume raia ana njia moja: mume ndiye aombe. Mwenye kuomba hifadhi ya ukimbizi huhudumiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, si halmashauri, mpaka akubaliwe. Akishakubaliwa anapanga foleni kama wenyeji.

Swali la pili la hatari ni hili: umejitoa mwenyewe? Halmashauri ikiona kwamba uliacha kwa hiari mahali ulipoweza kuendelea kukaa, inakupa makao ya muda mfupi tu, kisha inanawa mikono. Kwa hiyo yule binti wa kochini akibeba mabegi yake Jumamosi kwa sababu ya maneno ya jikoni, anajiharibia. Ofisi itampigia shangazi simu na kumuuliza kama kweli hamtaki, na pengine itajaribu kuwapatanisha. Shangazi zetu wengi hawawezi kumwambia Mzungu kwenye simu kwamba wamemfukuza mtoto wa kaka yao, watasema "hapana, tumepishana kidogo tu." Kistaarabu kabisa, na shauri limekwisha hapo.

Halafu kuna swali la wewe ni wa wapi. Kwa kawaida unahesabiwa mwenyeji ukikaa eneo hilo miezi 6 kati ya 12 iliyopita, au miaka 3 kati ya 5, au ukiwa na kazi au ndugu wa karibu hapo. Usipokuwa na uhusiano wa namna hiyo, unaweza kukabidhiwa kwa halmashauri ya ulikotoka.

Sasa hilo paa lenyewe. Mara nyingi huanza kuwa chumba cha nyumba ya wageni, choo na jiko mnashirikiana na msiowajua. Amri iliyoanza kutumika 2004 inasema mjamzito au familia yenye watoto isikae humo zaidi ya wiki 6. Zipo halmashauri zinazovuka muda huo, na ukivuka una haki ya kulalamika. Baada ya hapo hufuata makazi ya muda, neno ambalo London limepoteza maana, kwani wapo watoto wanaoanza na kumaliza shule ya msingi humo. Mwaka 2024 kaya zaidi ya 120,000 za England zilikuwa kwenye makazi ya muda. Na huenda yasiwe mtaani kwako. Mama mmoja wa watoto watano wa Westminster, katikati ya London, alitakiwa ahamie Bletchley, karibu na Milton Keynes, safari ya kilomita themanini hivi. Akakataa, akanyimwa msaada, akafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 akashinda: majaji walisema halmashauri haikueleza kwa nini haikupata mahali pa karibu zaidi.

Jambo moja nalisema kwa ajili yetu hasa. Kwetu pwani mimba ya kwanza mwana hurudi kwa mama yake, akajifungulia huko, akakaa arobaini yake, akakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Ukiwa katika makazi ya muda, tahadhari. Wajibu wa halmashauri huisha pale unapoacha kuyafanya makazi hayo kuwa nyumba yako kuu. Chumba kilichofungwa miezi mitatu, mwenyewe yuko Tanga, kinaweza kusomeka hivyo. Kabla ya kukata tiketi, waarifu kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi.

Pengine umesikia kwamba zamani mimba ilikuwa inakupeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya kudumu. Kuna ukweli ndani yake. Kabla ya 1996, halmashauri iliyokubali jukumu kwa kawaida ilimaliza kwa kukupa upangaji wake. Ila mwaka 1992 waziri wa hifadhi ya jamii, Peter Lilley, alisimama kwenye mkutano wa chama cha Conservative akaimba orodha ya watu anaowachukia, mmojawapo akiwa wasichana wanaobeba mimba ili waruke foleni ya nyumba. Ukumbi ukacheka. Sheria ya 1996 ikapunguza jukumu kuwa makazi ya muda kwa miaka miwili. Kikomo hicho kiliondolewa 2002, lakini tangu Novemba 2012 halmashauri inaweza kumaliza jukumu lake kwa kukutafutia nyumba ya mwenye nyumba binafsi; sheria hiyo ilipoanza, mkataba ulitakiwa uwe wa angalau miezi 12. Kwa hiyo anayekwambia "zaa upate nyumba" anasimulia Uingereza ya babu yake. Nyumba zenyewe ziko wapi? Tangu 1980 wapangaji waliruhusiwa kuzinunua kwa punguzo, na karibu milioni mbili zimeuzwa England. Walio kwenye orodha ya kusubiri mwaka 2024 walikuwa kaya zaidi ya milioni 1.3.

Turudi kwa yule mpangaji mwenye chumba kimoja. Yeye ana makazi, kwa hiyo ile sheria ya kwanza haimgusi. Anachoomba ni kuhamishwa kwa sababu ya msongamano, na msongamano wa kisheria una kipimo kilichowekwa 1935, kikahamishiwa Sheria ya Makazi ya 1985 bila kubadilishwa chochote cha maana. Katika kipimo hicho sebule ni chumba cha kulala. Mtu wa miaka 10 na zaidi ni mtu mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya 10 ni nusu mtu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni sifuri.

Piga hesabu ya familia yake. Baba na mama, wawili. Watoto wawili, nusu na nusu, mmoja. Kichanga, sifuri. Jumla watatu. Na nyumba yenye vyumba viwili, yaani kile chumba na sebule, inaruhusiwa watu watatu. Roho tano zinapumua humo, na mbele ya sheria hakuna msongamano. Ikiwa aliyezaliwa tayari ni sifuri, wa tumboni atakuwa nini?

Halmashauri nyingi zinajua kwamba kipimo hiki ni cha kizee, na kwenye orodha zao hutumia kingine chenye huruma zaidi, cha kuhesabu vyumba vya kulala kwa umri na jinsia. Hata hivyo nyingi hazimhesabu mtoto mpaka cheti cha kuzaliwa kiwe mezani. Hapo kuna sababu ya fedha ambayo haielezwi dirishani. Tangu Aprili 2013, mpangaji wa umri wa kufanya kazi anayesaidiwa na serikali kulipa kodi ya nyumba hukatwa akiwa na chumba cha ziada: asilimia 14 ya kodi kwa chumba kimoja, 25 kwa viwili au zaidi. Mtoto hahesabiwi mpaka azaliwe. Mwenye mimba ya kwanza akipewa vyumba viwili vya kulala mimba ikiwa ya miezi sita, atakatwa miezi mitatu kwa ajili ya chumba cha mtu ambaye bado hayupo.

Kwa hiyo yule mpangaji wetu atawekwa kwenye daraja lake la uhitaji, kisha kila wiki ataingia mtandaoni kuangalia nyumba zilizotangazwa na kuweka jina lake. Wenyewe wanaita mnada, ingawa hakuna anayetoa senti. Anayeshinda ni mwenye daraja la juu aliyesubiri zaidi. Daraja lake likiwa la chini, anaweza kuweka jina mpaka mtoto aanze shule.

Kinachoweza kumpandisha ni afya. Sheria inazitaka halmashauri ziwape nafasi ya mbele wenye sababu za kitabibu, na barua isemayo "ngazi ni nyingi" haina uzito wa ile isemayo mama huyu ana tatizo gani, ngazi ngapi, na daktari anahofia nini. Kama ukutani kuna ukungu, asiufute kabla ya kuupiga picha. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale baada ya kuvuta hewa ya ukungu katika nyumba ya shirika la makazi. Sheria yenye jina lake ilianza Oktoba 27, 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Haimhamishi mtu yenyewe, lakini inaacha maandishi, na maandishi ndiyo yanayosomwa daraja likipangwa upya. Akitaka kupinga uamuzi, aulize siku hiyohiyo muda alionao; kwa maamuzi ya wasio na makazi, kama yule binti wa kochini, ni siku 21 tu za kuomba mapitio.

Iko njia moja ambayo haihitaji foleni, nayo ni kubadilishana. Mpangaji wa kudumu wa halmashauri ana haki ya kupeana nyumba na mpangaji mwingine wa aina yake, popote nchini, mwenye nyumba akikubali. Na hawezi kukataa ila kwa sababu zilizoorodheshwa na sheria, kwa mfano nyumba kuwa kubwa mno kwa anayehamia. Yako matangazo mtandaoni ya watu wanaotafuta wa kubadilishana nao. Atafute mtu aliyebaki peke yake, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, vyumba vitatu, anakatwa ile asilimia 25 kila mwezi. Huyo anatamani chumba kimoja na sebule.