Seneta wa jimbo hana fungu la kugawa

Wapo Wakenya wa Minnesota, Marekani, wanaomwendea seneta wa jimbo wakidhani ana fungu lake, kama mbunge wa nyumbani na CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge. Hana. Wala hakai Washington: ni mmoja wa maseneta 67 wanaokutana Saint Paul.

Mji ukitaka pesa za jimbo kukarabati mtambo wa maji, yeye hupeleka mswada na kuutetea kwenye kamati. Hapo ndipo penye jasho. Ikiwa pesa hizo ni za jimbo kukopa kwa kuuza hati fungani, mswada hupita kwa tatu ya tano ya kura za Seneti, yaani 41, na Baraza la Wawakilishi la jimbo nalo kwa tatu ya tano ya kura zake, kisha gavana anaweza kufyeka mradi mmoja mmoja. Basi mpelekeeni ombi mapema, lenye makadirio ya gharama.