Daftari la usanifu: ufafanuzi kwa wanafunzi wa uhandisi na wazazi wao

Tangu muhula huu uanze, idara yetu imepokea malalamiko mengi kuhusu daftari la usanifu, yaani daftari ambalo mwanafunzi anaandika na kuchora ndani yake njia zake za kutatua tatizo alilopewa, hasa kutoka kwa wazazi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mengi yanasema jambo moja: kijana hafundishwi, anapewa tatizo na kuambiwa atafute mwenyewe. Wengine wameongeza kuwa mkufunzi asiyetoa jibu anakwepa kazi yake. Hatuna shaka kuwa wanaolalamika wanawatakia kheri vijana wao. Ndiyo maana tunaeleza hapa tunachokifanya, na sababu ya kutokiacha.

Kazi ya mwanzo ya daftari hilo inahusu kisima. Mwanafunzi anaambiwa achukulie kuwa kijiji kimoja upande wa Micheweni, Pemba, kina kisima ambacho maji yake yako mita 12 chini. Pampu ya umeme imefungwa juu, pembeni ya mdomo wa kisima, inanguruma vizuri lakini maji hayapandi. Kifanyike nini?

Karibu makundi yote huanza kwa kuandika kwamba inunuliwe pampu kubwa zaidi. Mkufunzi hasemi kuwa wamekosea. Anawauliza swali moja tu: maji yanapandishwa na nini ndani ya bomba la kufyonzea? Wanajibu kuwa yanavutwa na pampu. Anawaacha nalo mpaka kipindi kijacho, na ni katika siku hizo za katikati ndipo simu za wazazi zinapoanza kuingia ofisini.

Ukweli ni kwamba pampu ya aina hiyo haivuti maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje, kwa uzito wake, inayasukuma maji yapande. Katika usawa wa bahari uzito huo unaweza kuinua maji mita 10 na kidogo, basi, hata ufunge pampu ya ukubwa gani. Ukitoa kinachopotea kwenye valvu na msuguano wa bomba, kwa vitendo unabakiwa na mita 7 au 8. Kundi likifika hapo lenyewe, linaona kuwa udogo wa pampu haukuwa tatizo hata kidogo. Tatizo ni mahali ilipofungwa. Kuanzia hapo mawazo huja kwa wingi: pampu ya kuzamishwa majini, pampu ya mkono ambayo silinda yake iko chini, kuishusha pampu iliyopo kwenye jukwaa ndani ya kisima, jambo linalozua suala la usalama wa fundi atakayeshuka na la umeme kukaa karibu na maji. Lipo pia kundi linalouliza kama kijiji kinahitaji kisima kile, au kinahitaji tangi la kuvunia maji ya masika. Mwanafunzi akiuliza hivyo, mkufunzi anajua kazi imefanyika.

Mzazi atauliza: kwa nini asiwaambie tangu siku ya kwanza kuwa mwisho ni mita 10? Kwa sababu wangeandika, wangekariri, na siku wakikutana na jambo lilelile kwenye kiwanda au jengo la ghorofa wasingelitambua. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani Chi, Feltovich na Glaser waliwapa watu maswali ya fizikia wayapange kwa mafungu. Wanafunzi waliyapanga kwa sura: yenye mteremko huku, yenye kamba na kapi kule. Wataalamu waliyapanga kwa kanuni inayoyatatua, hata yasipofanana kwa macho. Notisi peke yake haimvushi mtu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayevuka ni yule aliyepambana na tatizo akaona mwenyewe kilichojificha ndani yake.

Naomba pia tuachane na kauli kwamba ubunifu ni kipaji, kwamba aliyenyimwa amenyimwa. Tunaisikia kwa wazazi, na tunaisikia hata kwa walimu wa skuli, jambo ambalo linasikitisha zaidi. Kuzalisha mawazo kuna utaratibu unaofundishika. Kikao cha mwanzo cha kundi ni cha kutoa mawazo tu, na kumkosoa mwenzako ni marufuku. Ukosoaji una kikao chake. Halafu linakuja sharti linalolalamikiwa kuliko yote: michoro mitatu ya kwanza ichorwe kwa mkono kabla ya mwanafunzi kutafuta chochote kwenye simu. Wengine wanadhani tunapinga intaneti. Hatupingi. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu walioonyeshwa mfano wa kifaa kabla ya kusanifu chao walirudia sehemu za mfano ule, pamoja na kasoro zake. Wahandisi wazoefu nao walinaswa vilevile. Ukianza na picha ya mtu mwingine, ni vigumu kutoka ndani yake.

Sasa utaratibu wenyewe, ambao unasomwa juujuu. Daftari liwe na jalada gumu na kurasa zilizopigwa namba. Maandishi yawe ya wino. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Haliruhusiwi kufutwa, kubandikwa karatasi wala kuchanwa. Ukurasa ukikosekana, kazi yote ya wiki ile haihesabiwi. Kila ingizo liwe na tarehe, tatizo kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, mambo aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyapima, njia zisizopungua tatu, na sababu ya kuacha kila njia aliyoiacha. Daftari linasainiwa na mkufunzi kila Alkhamis kabla ya saa 8 mchana. Lisilosainiwa kwa wakati linapunguziwa alama, na sababu ya ugonjwa inapokelewa kwa cheti cha hospitali, si kwa ujumbe wa simu. Likipotea, mwanafunzi aripoti idarani kabla ya saini inayofuata, apewe fomu, aandike upya anachokikumbuka na mwenzake wa kundi athibitishe. Anayenakili daftari la mwingine anapata sifuri, na aliyempa anapata sifuri vilevile. Wote wawili majina yao yanakwenda Kamati ya Nidhamu. Akirudia, atalirudia somo lote mwaka unaofuata. Hakuna njia ya mkato katika hili, na kumtuma mzee wa mtaa aje kuombea haisaidii.

Linalotoa alama nyingi ni zile njia zilizoachwa na sababu zake. Mwanafunzi mwenye jibu sahihi na ukurasa mmoja safi anapata kidogo kuliko aliyefika karibu na jibu akaonyesha alipopotea. Wapo walioliona hili kuwa uonevu. Lakini mhandisi akishaajiriwa hapewi tatizo lenye jibu nyuma ya kitabu.

Tuchukue mfano wa hapahapa kwetu. Mei 2008 umeme wa Unguja ulizimika kwa takriban mwezi mzima, baada ya hitilafu kwenye njia inayouleta kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Disemba 2009 ukazimika tena, safari hii kwa karibu miezi mitatu. Maji nayo yakawa shida, maana pampu za visima zinategemea umeme huohuo. Ukimuuliza mwanafunzi mgeni tatizo lilikuwa nini, atakwambia waya uliharibika, na akisema hivyo kazi iliyobaki ni kutengeneza waya. Akiandika kuwa tatizo ni kisiwa kizima kutegemea njia moja, atafikia waya wa pili, majenereta ya akiba, na matangi ya maji yanayotosha siku kadhaa bila pampu kuwaka. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Vijana wanaosoma leo ndio watakaoulizwa nini kifuate, kwa Unguja na kwa Pemba, na hatutakuwepo kuwapa jibu.

Wapo pia wanaosema kuwa hesabu zimefutwa. Hazikufutwa. Mtihani wa mwisho upo kama zamani, na asiyejua hesabu hatalijua hata hilo la kisima.

Mzazi anayetaka kuliona daftari la kijana wake afike idarani siku yoyote ya kazi baada ya sala ya adhuhuri, isipokuwa Ijumaa, akiwa pamoja na kijana mwenyewe. Daftari la mwanafunzi mwingine halionyeshwi kwa kulinganisha. Asiyeridhika na alama anaandika barua kwa Mkuu wa Idara ndani ya siku 14 tangu matokeo yabandikwe, akitaja kurasa anazozilalamikia. Barua isiyotaja kurasa inarudishwa.